Saruji Haikauki, Hukomaa: Tuliyojifunza Katika Mradi wa Vyungu vya Maua na Sanamu za Bustani

Katika miezi ya karibuni kamati kadhaa za sharika zimetuletea maombi ya kuanzisha mradi wa kutengeneza vyungu vya maua na sanamu za bustani kwa kutumia saruji. Sababu zao zinaeleweka. Mradi huu hauhitaji umeme wala mashine, vifaa vyake vinapatikana katika kila mji mdogo, na kijana anaweza kujifunza hatua za msingi kwa siku mbili. Soko nalo lipo. Ukipita Dar es Salaam, Arusha au Nairobi utaona vyungu vya saruji vimepangwa kando ya barabara karibu na vitalu vya maua, na wanunuzi ni nyumba za wageni, shule, ofisi na watu wanaojenga.

Kabla ya kuyajibu maombi hayo, tumeona ni vema tueleze wazi yaliyotupata katika kikundi cha kwanza cha vijana tulichokisaidia. Baadhi ya wafadhili wetu waliona picha za kikundi hicho katika taarifa yetu ya robo mwaka. Hawakusikia kilichofuata.

KOSA LILILOTUGHARIMU

Kikundi kilikuwa na vijana 12, wasichana 7 na wavulana 5. Mwezi Januari walipata oda ya vyungu 40 kutoka nyumba moja ya wageni. Walifanya kazi kwa bidii, wakamaliza vyungu vyote kwa muda wa siku chache, wakavipanga uwanjani juani ili vikauke haraka. Mimi kama mratibu nilifika, nikapiga picha, nikafurahi. Taarifa ya robo mwaka ilikuwa inasubiriwa, nami niliwahimiza wavifikishe vyungu kwa mteja mapema ili niandike kwamba lengo limetimia. Siku ya 6 baada ya chungu cha mwisho kutolewa kwenye fomu, vyungu vilipakiwa kwenye gari.

Kufikia mwisho wa Machi, vyungu 17 vilikuwa vimerudishwa. Vingine vilikuwa vimepasuka midomo, na vingine vilibaki bila kitako pale mtunza bustani alipojaribu kuvihamisha vikiwa na udongo. Kikundi kililazimika kurudisha fedha ambazo tayari walikuwa wamegawana na kununulia saruji nyingine. Vijana watatu walijitoa, na wawili kati yao hawajarudi hadi leo.

Tulimwomba mzee mmoja, fundi mwashi aliyestaafu, aje avitazame vyungu vilivyorudi. Alichukua msumari, akakwaruza ubavu wa chungu kimoja, na unga ukamwagika kama majivu. Akaniuliza, "Mwanangu, hivi vilimwagiliwa siku ngapi?" Nilimjibu kwamba havikumwagiliwa, viliwekwa juani vikauke. Akatikisa kichwa. "Basi havikukauka hivi. Vilikufa kwa kiu."

Taarifa niliyoiandika ilisema vyungu 40 vimetengenezwa na kuuzwa. Kwa hesabu ilikuwa kweli. Makala hii imeandikwa ili kamati nyingine isipite njia ile ile.

SARUJI HUFANYAJE KAZI?

Wengi wetu tumezoea kuona matope yakianikwa juani hadi yanakuwa magumu, kwa hiyo tunadhani saruji nayo hukauka. Sivyo. Matope huwa magumu kwa sababu maji yanatoka. Saruji huwa ngumu kwa sababu maji yanaingia ndani yake na kuungana nayo, na kutokana na muungano huo huota chembechembe ndogo sana zinazoshikana na kuubana mchanga. Maji yakitoroka kwa jua au upepo kabla ya kazi hiyo kwisha, kazi inasimama pale pale ilipofika.

Kuna jaribio rahisi ambalo sasa tunalifanya katika kila semina. Kanda saruji kidogo na maji iwe kama ugali mgumu, viringisha donge, kisha lizamishe kwenye kopo la maji na uliache. Baada ya siku mbili litoe. Litakuwa gumu ingawa muda wote lilikuwa majini. Vijana wakiliona hilo kwa macho yao, hawahitaji maelezo marefu tena.

Kazi hiyo huenda kasi mwanzoni, halafu hupungua. Saruji ya kawaida ikitunzwa vizuri na unyevu hufikia karibu theluthi mbili ya nguvu zake za siku 28 ndani ya siku 7 za kwanza. Ndiyo maana mifuko ya saruji huandikwa namba kama 32.5 au 42.5. Namba hizo ni kipimo cha nguvu za saruji hiyo zikipimwa siku ya 28. Mtu anayeuza chungu siku ya 6 huku hakijawahi kumwagiliwa anauza kitu ambacho hakijamalizika.

Saruji nyingi zinazouzwa hapa kwetu huchanganywa na majivu ya volkano au mawe mengine yaliyosagwa. Ni saruji nzuri, lakini zenye majivu ya volkano hukomaa polepole zaidi, hivyo zinahitaji kumwagiliwa kwa siku nyingi zaidi. Sisi tumeweka kanuni ya siku 14 kwa saruji yoyote.

CHUNGU CHA MAUA KILICHOBADILI UJENZI

Baadhi ya wajumbe wa kamati huona vyungu vya maua kuwa mradi mdogo usio na heshima. Inafaa wajue kwamba zege lenye chuma ndani yake, ambalo leo limejenga madaraja na maghorofa ya dunia nzima, linadaiwa sana na bustani. Huko Ufaransa aliishi mtunza bustani aitwaye Joseph Monier. Alikuwa akihangaika na vyungu vikubwa vya miti ambavyo vilikuwa vikipasuka. Alianza kuvitengeneza kwa saruji, na ndani yake akatia wavu wa chuma. Mwaka 1867 alipewa hataza ya vyungu hivyo, na mwaka huo huo akavionyesha katika Maonyesho ya Dunia jijini Paris. Baadaye alipata hataza za mabomba, matangi na madaraja, na mwaka 1875 daraja lililojengwa kwa mfumo wake lilikamilika huko Chazelet.

Wengine pia walikuwa wakijaribu saruji na chuma miaka hiyo, lakini Monier alianzia kwenye chungu. Saruji hustahimili sana kukandamizwa, ila ni dhaifu inapovutwa au kupinda. Chuma huisaidia pale penye udhaifu wake. Kanuni hiyo tutaihitaji tutakapofika kwenye vyungu vikubwa na sanamu.

VIFAA NA NAMNA YA KUVICHAGUA

Saruji. Nunua mfuko ambao haujapata unyevu. Ukiuminya na kukuta mabonge magumu yasiyovunjika kwa vidole, urudishe dukani. Usihifadhi mifuko sakafuni. Iweke juu ya mbao, mbali na ukuta.

Mchanga. Tumia mchanga wa mto au wa machimbo, uliochekechwa. Mchanga wa ufukweni una chumvi, na chumvi hutia kutu wavu na nondo. Mchanga wenye udongo mwingi hudhoofisha mchanganyiko. Upime hivi: jaza chupa ya kioo mchanga hadi nusu, ongeza maji yenye chumvi kidogo, tikisa, halafu iache mahali tulivu kwa saa tatu. Mchanga utatua chini na udongo utakaa juu yake kama tabaka. Kama mchanga una kimo cha sentimita 10 na tabaka la udongo linazidi milimita 6 hivi, uoshe mchanga huo au utafute mwingine.

Maji. Maji safi ambayo mtu anaweza kuyanywa ndiyo yanayofaa. Usitumie chombo kilichokuwa na sukari, soda au molasi. Sukari kidogo tu inatosha kuchelewesha saruji isishike.

Fomu. Ndoo mbili za plastiki, moja ya lita 20 na nyingine ndogo inayoingia ndani yake ikibakiza nafasi ya sentimita 3 hadi 4 kila upande. Mabeseni yaliyotoboka na maboksi ya mbao yanafaa pia. Paka mafuta ya kupikia kidogo ili chungu kitoke kwa urahisi. Tunashauri kuacha oili chafu ya magari, kwa sababu huacha madoa na huchafua udongo wa bustani.

Vingine. Mwiko wa fundi, koleo, karai, chekeche, glavu za mpira, barakoa, magunia ya katani au nguo kuukuu za kufunikia, na karatasi ya nailoni.

KUTENGENEZA CHUNGU, HATUA KWA HATUA

1. Pima kwa chombo kimoja. Kipimo 1 cha saruji kwa vipimo 3 vya mchanga. Usipime saruji kwa ndoo na mchanga kwa koleo, maana koleo la mtu mmoja si koleo la mwingine.

2. Changanya vikiwa vikavu mpaka rangi iwe moja, ndipo uongeze maji kidogo kidogo. Kwa mfuko mzima wa kilo 50 maji ya lita 20 hadi 25 yanatosha, na mchanga ukiwa na unyevu yapunguze. Hapa ndipo vijana wengi hukosea, kwa kuwa mchanganyiko mlaini ni rahisi kumimina. Maji yanayozidi huacha vijitundu yakitoka, na chungu huwa dhaifu. Minya mchanganyiko mkononi: ukishikana bila kuchuruzika maji, unafaa.

3. Weka kitako cha unene wa sentimita 4 hadi 5 kwenye ndoo kubwa. Simamisha ndani yake vipande viwili au vitatu vya bomba vilivyopakwa mafuta, ili vibaki vitundu vya kupitisha maji.

4. Weka ndoo ndogo katikati, itie mawe isielee, kisha jaza pembeni kidogo kidogo huku ukishindilia kwa kijiti na kugonga ndoo kwa nje ili hewa itoke.

5. Tumia mchanganyiko wote ndani ya saa moja. Ukianza kushika, usiuongezee maji ili kuulainisha. Utarudi kuwa laini kwa macho tu, nguvu yake itakuwa imepotea.

6. Funika kwa nailoni, acha kivulini saa 24 hadi 48, ndipo utoe ndoo ya ndani na kisha ya nje. Chungu wakati huu ni kama mtoto mchanga. Kibebe kwa mikono miwili kwa kukishika chini.

Kwa wanaotaka chungu chepesi, upo mchanganyiko mwingine. Kipimo 1 cha saruji, kimoja na nusu cha mchanga, na kimoja na nusu cha nyuzi za makumbi ya nazi zilizochekechwa au mawe mepesi ya volkano yaliyopondwa. Makumbi yalowekwe na kuoshwa kwanza mpaka maji yawe meupe, na vivyo hivyo vumbi la mbao kwa anayelitumia, kwa sababu yana utomvu unaoizuia saruji kushika. Chungu cha namna hii huonekana kama jiwe la kale na wateja hukipenda. Hata hivyo hakina nguvu sawa na kile cha mchanga, kwa hiyo kifanywe kinene zaidi.

Chungu chenye mdomo unaozidi sentimita 50 kitiwe wavu wa kuku katikati ya unene wake, kama alivyofanya Monier. Wavu usionekane nje, maana ukionekana utashika kutu na kupasua chungu.

SIKU 14 ZA MAJI NA SIKU 28 ZA SUBIRA

Hii ndiyo sehemu tuliyoiruka mwaka ule. Chungu kikishatoka kwenye fomu, kipelekwe kwenye kibanda chenye kivuli, kifunikwe kwa magunia yaliyoloweshwa, na juu ya magunia itandazwe nailoni. Magunia yaloweshwe asubuhi na jioni, na wakati wa jua kali la Januari na Februari yaloweshwe hata mchana. Mtu mmoja awe zamu kila siku na aweke saini kwenye daftari. Jumapili ihesabiwe pia, kwa sababu saruji haina mapumziko.

Kila chungu kiandikwe kwa mkaa tarehe ya kutengenezwa. Baada ya siku 14 za unyevu kiachwe wazi kivulini mpaka siku ya 28. Ndipo kikwaruzwe kwa msumari na kugongwa kwa kifundo cha kidole. Chungu kizuri hakitoi unga, na sauti yake hulia. Chungu chenye ufa husikika kama kimeziba mafua. Hicho kivunjwe kiwe kokoto za kuweka chini ya vyungu vingine, kisiuzwe kwa bei ya chini, kwa sababu mteja atasahau bei lakini hatasahau ufa.

SANAMU ZA BUSTANI

Sanamu huanza na mifupa. Nondo nyembamba ya milimita 6 hukunjwa kupata umbo, hufungwa kwa waya, kisha huzungushiwa wavu wa kuku. Ndani hujazwa magunia makuukuu au karatasi ili kupunguza saruji inayotumika. Tabaka la kwanza ni la kipimo 1 cha saruji kwa 2 vya mchanga, linalosukumwa liingie ndani ya wavu, kisha hukwaruzwa ili tabaka linalofuata lishike. Kesho yake, likiwa bado na unyevu, huwekwa tabaka la pili la 1 kwa 3, na hapo ndipo sura huchongwa kwa kijiko, kisu na brashi. Chuma kifunikwe kwa sentimita 2 hivi kila mahali.

Anayeanza aanze na kobe. Ana tumbo pana, miguu mifupi, na hakuna sehemu nyembamba ya kuvunjika. Korongo mwenye miguu mirefu ni mzuri sokoni, lakini miguu yake inahitaji nondo nene na kitako kizito, na hiyo ni kazi ya mwaka wa pili. Rangi ya mafuta isipakwe kabla ya siku 28, kwa kuwa ukali wa saruji mbichi huichubua.

Badala ya rangi, vipande vya vigae na sahani zilizovunjika hupendeza na havichujuki. Huko Chandigarh, India, mkaguzi wa barabara aliyeitwa Nek Chand alianza katika miaka ya 1950 kukusanya taka za ujenzi, vyombo vilivyovunjika na bangili, akazijenga kwa saruji kuwa sanamu za watu na wanyama katika eneo la msitu, kwa siri na nje ya saa zake za kazi. Bustani hiyo ilifunguliwa rasmi mwaka 1976, na hata baada ya kifo chake mwaka 2015 bado hutembelewa na watu wengi sana. Vitu alivyovitumia vilikuwa vimetupwa na wengine.

Katika usharika mmoja, mzee wa kanisa alisimama kwenye kikao na kuuliza kama ni halali usharika kufadhili utengenezaji wa sanamu, ikiwa Amri za Mungu zinakataza sanamu. Ni swali la haki na tusilicheke. Mchungaji alieleza kwamba amri hiyo inakataza kuvisujudia na kuviabudu, na kwamba hekalu la Sulemani lenyewe lilikuwa na ng'ombe 12 wa shaba, mitende na maua yaliyochongwa. Kamati ilikubali, ikaweka sharti kwamba vijana watengeneze wanyama, ndege na vyungu tu. Tunashauri kila kamati ilizungumze jambo hili mapema, kabla fedha hazijafika.

CHOKAA NA MIMEA

Saruji mpya hutoa chokaa kila inapopata maji. Mche ukipandwa kwenye chungu kibichi huweza kugeuka manjano, na mteja atalaumu chungu. Kwa hiyo, baada ya siku 14, chungu kijazwe maji na kumwagwa mara kadhaa katika wiki mbili zinazobaki. Maji yasikae zaidi ya siku tatu, yasije yakawa mazalia ya mbu. Vyungu vinavyosubiri wanunuzi vipinduliwe kwa sababu hiyo hiyo. Mishubiri, dungusi kakati na sukuma wiki huvumilia chokaa vizuri. Maua yanayopenda udongo wenye tindikali yasubiri chungu kilichozeeka.

USALAMA WA VIJANA WETU

Saruji mbichi inaunguza. Mwanzoni mtu hasikii maumivu, na jioni anakuta vidole vimechubuka na kuvuja damu. Glavu za mpira si anasa, ziwemo kwenye bajeti tangu siku ya kwanza. Ngozi ikiguswa ioshwe kwa maji mengi safi. Saruji ikiingia jichoni, jicho lioshwe kwa maji yanayotiririka kwa dakika 20, kisha mgonjwa apelekwe kituo cha afya bila kungoja. Wakati wa kumimina saruji kavu na kuchekecha mchanga, barakoa ivaliwe, kwani vumbi lake huumiza mapafu. Watoto wasicheze karibu. Maji ya kuoshea vyombo yasimwagwe mtoni, kwa sababu huua samaki.

HESABU YA KWELI

Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi, yaani ndoo moja na robo tatu za lita 20. Mchanga wake ni ndoo tano na robo. Mchanganyiko huo hutoa vyungu kama 10 vya ndoo ya lita 20. Ukiondoa kinachomwagika na kinachovunjika, hesabu 9. Kila chungu kina uzito wa kilo 20 hivi, hivyo gharama ya usafiri lazima iingizwe kwenye bei.

Sasa tazama kalenda. Kikundi kikitumia mfuko 1 kwa wiki, na chungu cha kwanza kikiuzwa baada ya siku 28, kikundi kitakuwa kimetumia mifuko 4 kabla ya kupokea shilingi ya kwanza. Mtaji wa mfuko 1 hautoshi. Kikundi chenye mtaji wa mfuko 1 kitauza chungu kibichi, hata kama kinajua kanuni zote zilizoandikwa hapa, kwa sababu njaa haisubiri siku 28. Vijana wetu wa kwanza hawakuwa wavivu wala wajinga. Tuliwapa saruji bila kuwapa muda.

KWA KAMATI ZA SHARIKA NA WAFADHILI

Kamati inayopokea ombi la mradi huu iulize maswali haya matano kabla ya kupitisha:

1. Je, kuna maji ya uhakika karibu na eneo la kazi hata wakati wa kiangazi?
2. Je, kuna kibanda chenye kivuli kinachotosha vyungu vya wiki nne?
3. Je, mtaji unatosha kununua saruji ya wiki nne bila mauzo yoyote?
4. Je, nani atamwagilia Jumapili na sikukuu?
5. Je, yupo fundi wa kuvikagua vyungu kabla havijatoka?

Kwa wafadhili wetu wapendwa, tunaomba jambo moja. Mnapotuuliza vyungu vingapi vimetengenezwa katika robo mwaka, tuulizeni pia vingapi vimefikisha siku 28, na vingapi vimerudishwa na wateja. Tangi la maji, magunia na glavu havipendezi katika picha kama safu ya vyungu vipya, lakini ndivyo vilivyokosekana mara ya kwanza. Kwa upande wetu, tangu sasa taarifa zetu zitakuwa na hesabu zote tatu.

Vijana tisa waliobaki walianza upya mwezi Juni, kipindi cha baridi. Fundi mzee alikubali kuwa mkaguzi wao, na daftari la zamu likatundikwa kibandani. Waliilipa nyumba ya wageni vyungu 17 vipya bila malipo, na hilo liliwachukua muda mrefu. Katika vyungu vyote vya awamu hiyo vimevunjika viwili, navyo viliangushwa wakati wa kupakia. Mteja yule ameagiza tena, safari hii vyungu na kobe wawili wa kuwekwa mlangoni.

Nilipowatembelea mara ya mwisho, nilimwona kobe mmoja chini ya gunia bichi, nikauliza kama naweza kumpiga picha ya jarida hili. Binti mweka hazina alitazama tarehe ya mkaa ubavuni. "Samahani, Mratibu," akasema, "huyu ana siku tisa tu. Njoo mwisho wa mwezi." Kwa hiyo toleo hili halina picha.